Mtoto Si Gunia la Kahawa

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi juu ya wajibu wa wazazi katika klabu za michezo za vijana



Katika vijiji vya mteremko wa Kilimanjaro, tangu Machame na Kibosho hadi Marangu, Mwika na Rombo, si jambo geni kwa kamati ya chama cha msingi kupokea barua ya vijana. Barua hizo hufanana. Vijana huomba mpira, jezi, nyavu za magoli, nauli ya kwenda kucheza kijiji cha pili, au ruhusa ya kuutumia uwanja ulio nyuma ya ghala la chama. Kamati hukaa, hujadili, na mara nyingi hukubali, kwa kuwa wajumbe nao ni wazazi, na wanajua kwamba kijana asiye na shughuli jioni hutafutiwa shughuli na wengine. Uamuzi huandikwa katika kitabu cha kumbukumbu: mipira miwili, jezi kumi na tano, fedha kiasi fulani. Jambo hilo ni jema wala halina lawama.

Lakini upo mstari mmoja ambao ni nadra kuonekana katika kumbukumbu hizo. Mstari huo ungeeleza ni watoto wangapi watakaocheza, ni wa nani, wana umri gani, ni nani atakayekuwa nao uwanjani, na ni nani atakayehakikisha kwamba kila mmoja amefika kwao kabla ya giza. Mpira umeandikwa; mtoto hakuandikwa. Upungufu huo ndio kiini cha mazungumzo haya.

Na itazamwe kwanza kahawa, kwa kuwa ndiyo inayofahamika na wote. Mkulima anapoleta gunia lake la kahawa ya maganda chamani, hasimami mbali. Huikazia macho mizani, husikiliza karani anavyotaja kilo, huisoma stakabadhi, kisha huiweka mahali pa salama hadi siku ya malipo ya mwisho. Mkutano mkuu ukifika huenda kuuliza kwa nini bei imekuwa ile na si nyingine. Hufanya hivyo ingawa gunia lenyewe limekwisha kutoka mikononi mwake. Mkulima huyo huyo, siku hiyo hiyo, huweza kumwacha mwanawe wa miaka kumi aende uwanjani kwa mtu ambaye jina lake la pili halijui, bila kuuliza mazoezi yanakwisha saa ngapi, wala nani mwingine yupo pale. Gunia lina stakabadhi. Mtoto hana.

Tena ipo tofauti kubwa zaidi. Gunia likipokelewa, dhamana yake huhamia kwa chama. Mtoto hapokelewi hivyo. Hakuna barua, ada wala sahihi inayouhamisha ulezi kutoka kwa mzazi na kuupeleka kwa kocha. Kocha huazimwa sehemu ya ulezi kwa saa chache, na mwenye kuazima hubaki na wajibu wa kufuatilia kilichoazimwa. Hilo ndilo neno moja la kukumbukwa: mzazi anayempeleka mtoto katika klabu hajapunguza wajibu wake, bali ameuongeza, maana sasa anapaswa kumwangalia mtoto na kumwangalia pia yule anayemwangalia mtoto.

Haki ya kucheza

Wapo wazazi wanaoona kwamba michezo ni uzururaji wenye jina zuri. Mtoto akirudi shuleni, kazi zinamngoja: majani ya ng'ombe hayajakatwa, maji hayajachotwa, na wakati wa msimu kahawa mbivu haingoji. Kazi za nyumbani ni sehemu ya malezi, na hata sheria humtaka mtoto awaheshimu wazazi wake na kushirikiana na jamaa yake. Lakini sheria hiyo hiyo haikuishia hapo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 8, inataja mambo ambayo mzazi au mlezi anawajibika kumpatia mtoto: chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu na maongozi, uhuru, na haki ya kucheza na kupumzika. Mchezo umewekwa katika orodha moja na chakula. Kabla ya hapo, Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, ulikwisha kutamka haki hiyo katika kifungu chake cha 31.

Kwa hiyo mzazi anayemnyima mtoto kila jioni ya mchezo hatimizi wajibu, kama vile asivyoutimiza yule anayemsukuma mtoto uwanjani ili apate kupumzika naye. Jambo hili huwaelemea zaidi watoto wa kike. Saa kumi na moja jioni, wakati kaka yake amekwisha kuvaa viatu vya mpira, msichana yuko kisimani au mekoni. Klabu nyingi huitwa za vijana, lakini orodha ya majina ni ya wavulana watupu. Chama kinachotoa fedha za wanachama wote, baba na mama, kina haki ya kuuliza netiboli ya wasichana iko wapi, na mzazi ana wajibu wa kuzigawa kazi za nyumbani ili kila mtoto apate sehemu yake ya mapumziko.

Faida ya michezo haihitaji kutafutwa mbali. Filbert Bayi alizaliwa Karatu mwaka 1953, katika mkoa jirani wa Arusha. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch katika New Zealand, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 na kuweka rekodi ya dunia. Heshima ile ilikuwa ya taifa zima. Lakini ni watoto wachache mno watakaofika huko, na klabu ya kijiji haipaswi kupimwa kwa mabingwa inaowatoa. Ipimwe kwa wale wengine wote ambao hawatakuwa mabingwa: je, wametoka katika klabu wakiwa na afya, na adabu, na masomo yao, na miili yao mizima?

Wajibu wa mzazi

Wajibu wa kwanza ni kumjua mtu. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Mtoto kinamtaka mzazi amlinde mtoto dhidi ya kutelekezwa, ukatili na hatari za mwili na za maadili, na kinaongeza kwamba mzazi asipokuwapo kwa muda, ahakikishe mtoto yuko chini ya uangalizi wa mtu anayefaa. Mtu anayefaa hatambuliwi kwa filimbi shingoni wala kwa kuwa alipata kucheza timu ya mkoa. Mzazi na aulize anatoka wapi, alifundisha wapi kabla ya hapo, kwa nini aliondoka, na ni nani anayemsimamia. Kocha mwema hachukizwi na maswali hayo, kama vile karani mwaminifu asivyochukizwa na mkulima anayeitazama mizani.

Hapa pana jambo linalohusu Kilimanjaro kwa namna ya pekee. Wazazi wengi wanafanya kazi Dar es Salaam, Arusha na kwingineko, na watoto wamebaki kihambani na bibi na babu. Baba hurudi Desemba kwa sikukuu, huwakuta vijana katika mashindano, hushangilia, hutoa fedha za jezi, kisha huondoka. Bibi wa miaka sabini hawezi kushuka bondeni kila jioni kwenda kuona mazoezi. Mzazi aliye mbali hana budi kumtaja mtu mzima mmoja kijijini, awe shangazi, baba mdogo au jirani, atakayekwenda kwa niaba yake, na jina la mtu huyo liandikwe katika daftari la klabu pamoja na namba za simu za wote wawili. Kutuma fedha ni sehemu ya malezi. Si malezi yote.

Wajibu wa pili ni mwili wa mtoto. Mtoto aliyetoka nyumbani asubuhi kwa kikombe cha uji, akapanda na kushuka vilima hadi shuleni, hawezi kukimbia saa mbili jioni bila kula. Mtoto mwenye homa, pumu au kifafa asifichwe, kocha aambiwe. Aliyeumia kichwa akaona kizunguzungu asirudishwe uwanjani siku hiyo hata kama timu inafungwa, na apelekwe kwa mganga wa zahanati. Na jambo la gharama lizungumzwe mapema. Mguu ukivunjika, nani atalipa nauli ya kwenda Mawenzi au KCMC, na nani atalipa matibabu? Swali hili likiulizwa kabla ya ajali huwa ni mpango; likiulizwa baada ya ajali huwa ni ugomvi.

Wajibu wa tatu ni njia ya kurudi. Nchi hii iko karibu na mstari wa ikweta, jua huzama muda mfupi baada ya saa 12 jioni, na giza huingia upesi, hasa chini ya migomba na wakati wa ukungu. Mazoezi yanayokwisha saa 12 na nusu yamekwisha gizani kwa mtoto ambaye kwao ni mwendo wa nusu saa kupanda. Njia zina mifereji, makorongo na pikipiki zisizo na taa. Kuwapakia watoto watatu juu ya bodaboda moja si kuwafikisha nyumbani. Yafaa mazoezi ya watoto yaishe saa 11 na nusu, watoto waondoke kwa makundi kufuata njia zao, na mzazi ajue ni saa ngapi aanze kuuliza.

Safari za mbali zina uzito wake. Tarehe 6 Mei 2017, wilayani Karatu, basi lililobeba wanafunzi wa shule ya msingi lilitumbukia korongoni. Walikufa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Watoto wale walikuwa wakienda kufanya mtihani wa kujipima katika shule nyingine, safari ya nia njema kabisa. Nia njema ya safari haizuii gari kupinduka. Kila safari ya klabu na iwe na ruhusa ya mzazi kwa maandishi, orodha ya majina inayobaki kijijini, gari lenye leseni ya kubeba abiria na nafasi ya kutosha, na watu wazima wanaojulikana.

Wajibu wa nne ni kusema kweli juu ya umri. Katika mashindano ya vijana, tamaa ya kushinda huzaa vyeti vya uongo, na wazazi wengine huvisaini. Mwaka 2009 Shirikisho la Soka la Kimataifa, FIFA, lilianza kutumia vipimo vya mifupa ya kifundo cha mkono katika Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17. Vijana wa Tanzania, Serengeti Boys, walicheza fainali za Afrika nchini Gabon mwaka 2017 baada ya Kongo Brazzaville kuondolewa kwa malalamiko juu ya umri wa mchezaji. Taifa lilinufaika siku ile kwa kuwa sheria ilisimama. Haliwezi kuipenda sheria ikimhukumu jirani tu. Na uwanjani kijijini madhara yako wazi zaidi: kijana wa miaka 19 anayechezeshwa na watoto wa miaka 13 huwavunja miguu.

Wajibu wa tano ni kuitunza shule na kuikwepa ndoto inayouzwa. Hujitokeza mtu akasema kwamba mtoto ana kipaji, kwamba atampeleka katika chuo cha soka mjini au ng'ambo, na kwamba panahitajika fedha za kuanzia. Mzazi akishawishika huuza ng'ombe, au hata kipande cha kihamba. Ifahamike kwamba kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Mtu anayeahidi kumvusha mpaka mtoto wa miaka 15 kwa ada, anauza asichokuwa nacho. Aulizwe barua ya klabu inayompokea, na barua hiyo ipelekwe kwa ofisa michezo wa wilaya kabla ya shilingi moja kutolewa.

Wajibu wa sita ni ulimi wa mzazi mwenyewe. Wapo wanaosimama pembeni mwa uwanja wakimtukana mwamuzi, wakimwita mtoto wa jirani majina mabaya, na wakimkaripia mtoto wao kwa kukosa penalti. Mtoto husikia sauti ya mzazi wake kuliko filimbi. Aliyekosa penalti anajua amekosa; anachohitaji ni mtu wa kutembea naye kurudi nyumbani.

Wajibu wa klabu

Klabu ya michezo hutakiwa kusajiliwa chini ya Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Usajili humpa msimamizi jina la kuulizwa. Lakini usajili pekee hauleti ulinzi, kama vile hati ya chama cha msingi isivyoizuia kahawa kupotea ghalani. Kinacholinda ni utaratibu wa kila siku, na utaratibu huo si wa gharama.

Klabu na iwe na daftari lenye jina la kila mtoto, tarehe ya kuzaliwa, shule, jina la mzazi na la mlezi wa karibu, simu, na maradhi yanayojulikana. Mahudhurio yaandikwe kila siku ya mazoezi. Watu wazima wawili wawepo daima, na pale penye wasichana, mmoja wao awe mwanamke. Kocha asikae faraghani na mtoto mmoja, asimlaze mtoto nyumbani kwake, wala asimpe zawadi za siri. Kanuni hiyo haimtuhumu mtu; humkinga kocha mwema pia, kama vile mihuri miwili ya ghala inavyowakinga katibu na mweka hazina wote pamoja. Sanduku la huduma ya kwanza liwepo. Fedha ziwe na kitabu na stakabadhi. Fimbo isiwepo, kwa maana sheria inakataza mtoto kupewa adhabu ya kikatili au ya kumdhalilisha, na mpira haujapata kufundishwa kwa viboko.

Zipo pia desturi za kuangaliwa. Katika mashindano mengi zawadi ni mbuzi. Mbuzi huchinjwa pale pale, mbege huletwa, na furaha huendelea hadi usiku. Watu wazima wana haki ya furaha yao, lakini watoto waliocheza mchana wasiachwe humo wakizunguka na vikombe. Wapewe chakula chao mapema na warudishwe kwao; ndipo watu wazima wakae.

Ubaya usiosemwa

Lipo jambo ambalo wazee huona haya kulitaja, nalo ndilo lenye kudhuru zaidi. Uchunguzi wa kitaifa juu ya ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa Tanzania mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 hivi kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Hesabu hiyo inajumlisha nyumbani, shuleni, njiani na kila mahali. Uwanja wa mpira hauna ukuta unaouzuia ubaya huo usiingie.

Nchi zenye fedha nyingi na elimu nyingi hazikusalimika. Katika Marekani, daktari wa timu ya taifa ya mazoezi ya viungo, Larry Nassar, aliwadhulumu wasichana kwa miaka mingi kwa kisingizio cha matibabu. Alipohukumiwa Januari 2018, wanawake na wasichana zaidi ya 150 walikuwa wametoa maelezo yao mahakamani. Baadhi ya wazazi walikuwamo chumbani wakati wa hayo yaliyoitwa matibabu, wasitambue. Baadhi ya watoto walisema mapema, hawakuaminiwa, kwa kuwa mshitakiwa alikuwa mtu wa heshima na timu ilikuwa ikishinda. Funzo ni kwamba macho ya mzazi hayatoshi bila masikio. Mtoto aliyependa mazoezi akaanza ghafla kuyakwepa, anayelia usiku, aliyepata fedha au simu isiyoelezeka, aulizwe kwa upole na asikilizwe hadi mwisho. Akisema, asipigwe, wala asiambiwe kwamba ameiaibisha nyumba.

Na baada ya kusikilizwa, ifuate hatua. Wachaga wana mila tukufu ya jani la sale. Sale hupandwa mpakani mwa vihamba, na aliyekosa huweza kulipeleka jani lake kwa aliyemkosea ili kuomba radhi, na radhi hiyo ni vigumu kukataliwa. Mila hiyo imezima magomvi mengi ya mipaka na ya maneno. Lakini jani la sale ni la mtu mzima na mtu mzima mwenzake. Mtoto aliyedhulumiwa si mpaka wa shamba, na wazee hawana mamlaka ya kumsamehe mkosaji kwa niaba yake, kisha wakanywa mbege na kumwacha mtu yule arudi uwanjani siku ya pili. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuipeleka taarifa hiyo kwa serikali ya mtaa wa eneo lake. Mtendaji wa kijiji yupo, ofisa ustawi wa jamii yupo, Dawati la Jinsia na Watoto lipo katika vituo vya polisi, na namba ya simu 116 imewekwa kwa ajili ya watoto. Kunyamaza si heshima ya kijiji.

Wajibu wa chama cha msingi

Huenda mwanachama akauliza: yote haya yanakihusu nini chama cha kahawa? Jibu ni kwamba ushirika haukuanzishwa kwa ajili ya gunia. Wakulima wa Kilimanjaro walipounda chama chao cha KNPA mwaka 1925, na baadaye chama kikuu cha KNCU mwaka 1933, walikusudia kuwa na sauti juu ya jasho lao, na jasho hilo lilikuwa la kuwalea watoto. Vyama vikuu vilipovunjwa mwaka 1976, mkulima alionja maana ya kukosa chombo chake mwenyewe cha juu cha kuulizia, hadi sheria ya mwaka 1982 ilipovirudisha. Mwaka 1995, mjini Manchester, Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika ulizitangaza kanuni saba za ushirika. Ya tano ni elimu, mafunzo na habari. Ya saba ni kuijali jamii. Klabu ya vijana iliyo salama ni kanuni zote mbili kwa pamoja.

Mfano wa karibu uko Nairobi. Katika mtaa wa Mathare, mwaka 1987, ilianzishwa jumuiya ya michezo ya vijana ijulikanayo kwa kifupi kama MYSA. Pale watoto hawakupewa mpira tu. Timu iliyosafisha mitaro na kuzoa takataka za mtaa ilipata pointi katika ligi, na kijana aliyejitolea kuwafundisha wadogo aliweza kusaidiwa ada ya shule. Vijana wenyewe walishirikishwa katika uongozi. Miaka kadhaa baadaye timu iliyotokana na jumuiya hiyo, Mathare United, ilitwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya, mwaka 2008. Kombe lilikuja mwisho; utaratibu ulikuja kwanza.

Chama cha msingi kinaweza kufanya mambo manne bila kuongeza gharama. Kwanza, fedha au uwanja utolewe kwa klabu iliyoleta daftari la watoto na majina ya watu wazima wanaowajibika, si kwa barua tupu. Pili, kamati imteue mjumbe mmoja, na ingefaa awe mama, wa kuitembelea klabu mara moja kwa mwezi bila kutoa taarifa mapema. Tatu, taarifa ya klabu isomwe katika mkutano mkuu kama hesabu nyingine zote: watoto wangapi, walioumia wangapi, malalamiko gani, na yametatuliwaje, nao wazazi waulize. Nne, watoto wenyewe wapewe nafasi ya kusema. Sheria inatambua haki ya mtoto ya kutoa maoni yake, na mtoto wa miaka kumi na miwili anajua vizuri ni mtu gani uwanjani anayemwogopa na kwa nini.

Ndugu Makatibu, mkono mmoja haulei mwana. Lakini mikono mingi isiyojuana humwangusha mwana, kila mmoja akidhani mwingine amemshika. Mzazi hudhani kocha yupo, kocha hudhani mzazi anajua, na chama hudhani jezi zimetosha. Basi barua ya vijana itakapoletwa tena mezani, kabla ya kuhesabu mipira, na yaulizwe maswali matatu na majibu yake yaandikwe kitabuni: watoto hawa ni wa nani, nani yuko nao, na nani anawarudisha nyumbani? Maswali hayo yakijibiwa, fedha zitolewe kwa moyo mweupe, na uwanja ufunguliwe, wavulana na wasichana wacheze hadi jasho liwatoke. Yasipojibiwa, kamati iahirishe uamuzi kwa juma moja na kuwaita wazazi. Juma moja la kungoja halijapata kumdhuru mtoto.